Ukinunua Prosesa ya Bei Nafuu, Uliza Kilichopunguzwa

Mpwa wangu amedunduliza fedha za vibarua tangu amalize kidato cha sita, na sasa anataka kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu. Juzi alinitumia kwa WhatsApp picha za matangazo ya maduka mawili ya Kariakoo. Yote mawili yanataja Ryzen 5, viini sita, RAM ya GB 16, SSD na kadi ya grafiki ya aina moja. Ukiikuza picha ndipo unaona kwamba prosesa ya kwanza ni Ryzen 5 5500 na ya pili ni Ryzen 5 5600. Bei zimepishana kidogo. Muuzaji mmoja amemhakikishia kwamba zote ni Ryzen 5, kwa hiyo ni kitu kimoja. "Shikamoo mjomba. Si bora nichukue hii ya bei ndogo?" aliniandikia.

Sikumjibu papo hapo, maana swali lake nimekutana nalo katika kila hatua ya kazi yangu ya ufundi, majina ya prosesa yakibadilika tu. Kila mara jibu lilitegemea tarakimu ambayo matangazo yetu hayaitaji: ukubwa wa kashe, yaani ile kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Ryzen 5 5500 ina MB 16 za kashe ya ngazi ya tatu. Ryzen 5 5600 ina MB 32. Alichosema muuzaji kuhusu jina na idadi ya viini ni kweli, kilichopunguzwa hakukitaja. Nimeona niandike niliyojifunza kuhusu jambo hili, kwa kuwa vijana wengi wanaodunduliza kama mpwa wangu hufika dukani na fedha kamili lakini taarifa nusu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilijifunza ufundi kwa mzee mmoja aliyekuwa na chumba cha matengenezo karibu na Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam. Kompyuta nyingi zilizotufikia zilikuwa mtumba wa Ulaya. Siku moja mama mwenye steshenari alituletea mbili zinazofanana, zote zimebandikwa Celeron, zote za megahezi 300. Moja ilifungua barua za wateja wake upesi. Nyingine ilijikokota hata baada ya kusafishwa virusi na kuongezewa RAM. Yule mama aliamini ina ugonjwa uliojificha.

Mzee aliziwasha zote mbili kwa pamoja akatuambia tusome maandishi ya mwanzo kabisa, yale yanayopita kabla Windows haijafunguka. Kwenye moja tulisoma kwamba kashe ya ngazi ya pili ni KB 128. Kwenye nyingine kashe ya ngazi ya pili haikuwepo kabisa. Ya kwanza ilikuwa Celeron 300A, ya pili Celeron 300 isiyo na herufi yoyote.

Historia yake ni fupi. Aprili 1998 Intel ilitoa Celeron ya kwanza ili iwe na prosesa ya kuuza kwa watu wa kipato cha chini. Ilichukua Pentium II, ikaondoa KB 512 za kashe ya ngazi ya pili, ikabakiza KB 32 za ngazi ya kwanza peke yake. Prosesa hiyo ilikosolewa sana. Agosti mwaka huohuo ikaja 300A yenye KB 128. Kwa ukubwa hiyo ni robo tu ya kashe ya Pentium II, lakini iliwekwa ndani ya kipande kilekile cha silikoni na ilikwenda kwa kasi ileile ya prosesa, wakati ile ya Pentium II ilikwenda kwa nusu ya kasi. Ndiyo maana 300A iliikaribia sana prosesa ya bei kubwa, na wapenzi wa kompyuta duniani kote wakaitafuta.

Kumweleza yule mama, mzee alichomoa bisibisi iliyokuwa mfukoni mwake, kisha akaonyesha kabati la vifaa, halafu akanyoosha mkono kuelekea madukani. "Mama, cha mfukoni nakishika nilipokaa. Cha kabatini mpaka niinuke. Cha dukani, kazi inasimama mpaka nirudi." Kwa prosesa ya leo yenye gigahezi 4, hesabu yake ni hii: data iliyomo katika kashe ya ngazi ya kwanza hupatikana kwa mapigo manne au matano ya saa ya prosesa, ya ngazi ya tatu kwa mapigo kama arobaini au hamsini. Data iliyoko kwenye RAM huchukua nanosekunde kama 80, ambazo ni mapigo zaidi ya 300. Muda wote huo kiini kinaweza kuwa kimekaa tu kikingoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba megahezi hueleza jinsi prosesa inavyofanya kazi ikiwa na data mkononi, na kashe hueleza ni mara ngapi itakuwa nayo.

Lakini kulikuwa na somo la pili siku hiyohiyo, nalo ndilo lililonikaa zaidi. Jioni, kabla ya kuzirudisha, sisi vijana wa chumbani tuliweka Quake II kwenye kompyuta zote mbili. Tulitegemea ile isiyo na kashe ishindwe vibaya. Haikushindwa vibaya. Tofauti ilikuwepo, ila ndogo kuliko ile ya kazi za steshenari. Gemu zile zilitegemea sana hesabu za desimali, na sehemu ya prosesa inayofanya hesabu hizo haikuguswa na mkasi wa Intel. Kazi za ofisini, zenye kurukaruka kati ya faili na programu, ndizo zilizoumia. Kwa mama wa steshenari Celeron 300 ilikuwa hasara. Kwa kijana wa Quake II ilikuwa bei nzuri. Tangu hapo sikubali mtu aniambie kashe ndogo ni mbaya au kubwa ni nzuri kabla hajaniambia kompyuta itafanya kazi gani.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa mwanafunzi nikiishi hosteli za Mabibo, na kazi yangu ya pembeni ilikuwa kuwaundia wenzangu kompyuta. Usiku nyaya za mtandao zilipita kutoka chumba hadi chumba na watu wakicheza Counter-Strike. Wengine walikuwa na GTA San Andreas au PES. Soko la wakati ule lilikuwa limejaa prosesa za Intel za viini viwili. Wenzangu wawili waliokaa jirani walinunua kwa kupishana wiki chache. Mmoja alichukua Core 2 Duo E4300, mwingine Pentium E2160. Zote zina viini viwili, zote zina gigahezi 1.8, zote zina basi la kasi ileile kwenda kwenye RAM. Ya kwanza ina MB 2 za kashe, ya pili ina MB 1. Ni vigumu kupata jozi iliyo safi zaidi kwa kulinganisha.

Aliyenunua Core 2 Duo alimaliza fedha hapo, akatumia grafiki iliyomo kwenye bodi. Aliyenunua Pentium alibakiwa na fedha, nami nikamshauri aziongeze anunue kadi ya GeForce 8600 GT. Wa kwanza alimshinda mwenzake kidogo alipokuwa akibana video na kufungua mafaili makubwa. Kwenye gemu mwenye Pentium alikuwa mbali mno. Alicheza kwa picha nzuri na mwendo laini vitu ambavyo kwa jirani yake havikuchezeka.

Nilijifunza kwamba thamani ya kashe haipo ndani ya prosesa peke yake. Ipo katika fedha inazokuachia au kukunyang'anya. Katika kompyuta ya gemu ya bei nafuu, kadi ya grafiki ndiyo hubeba mzigo mkubwa wa picha, na kila shilingi inayokwenda kwenye kashe imetoka mahali fulani. Ikiwa imetoka kwenye kadi, mara nyingi umepoteza.

Kabla sijaendelea, inafaa kueleza kwa nini watengenezaji hupunguza kashe kwanza wanapotaka bei ishuke. Wazo la kashe lenyewe ni la zamani: Maurice Wilkes wa Cambridge alilieleza katika makala ya mwaka 1965, na IBM ikatangaza kompyuta ya System/360 Model 85 yenye KB 16 za kashe mwaka 1968. Tangu enzi hizo kashe imekuwa kitu cha gharama. Kila biti moja ya kashe huhitaji kwa kawaida transista sita, wakati biti ya RAM huhitaji transista moja na kapasita moja. Ukipiga hesabu ya MB 32 unapata transista zaidi ya bilioni 1.6 kwa ajili ya kuhifadhi data tu. Zinachukua eneo kubwa la silikoni, na silikoni hukatwa kutoka kwenye sahani ya mviringo ambayo bei yake haibadiliki kwa sababu wewe umeweka chipu kubwa. Chipu zikiwa kubwa, zinatoka chache. Tena chipu ambayo sehemu ya kashe yake imetoka na kasoro inaweza kuzimwa sehemu hiyo na kuuzwa kwa jina la chini. Kwa hiyo prosesa ya bei nafuu haijaibiwa kitu. Imepunguzwa kwa hesabu, na mnunuzi ana haki ya kuijua hesabu hiyo.

Haki hiyo niliikumbuka kwa uchungu nilipofungua karakana yangu Sinza. Zilikuwa zimeingia kwa wingi kompyuta zilizotumika maofisini nje ya nchi, za kizazi cha pili na cha tatu cha Intel Core, na vijana wengi walizigeuza kuwa za gemu kwa kuongeza kadi. Ni njia nzuri mpaka leo. Mama mmoja alikuja na mwanawe, wamebeba kompyuta ndogo ya ofisi waliyouziwa kwa bei ya Core i5 kamili. Kijana alilalamika kwamba mwenzake wa mtaani ana Core i5 ya kizazi hichohicho na gemu zake hazigandi, wakati yake inakwama kila anapoingia mahali penye magari na watu wengi. Alidhani ni tofauti ya kadi, akaazima kadi ya rafiki yake na kuiunganisha kwa kifaa maalumu, bado.

Nilifungua mfuniko, nikasoma namba. Rafiki yake alikuwa na i5-3470: viini vinne, MB 6 za kashe. Yeye alikuwa na i5-3470T: viini viwili, MB 3 za kashe. Herufi moja mwishoni, nusu ya prosesa imeondoka. Herufi hiyo ina sababu yake halali, kwani prosesa za T hutumia umeme kidogo na zinafaa kwa kompyuta ndogo isiyo na nafasi ya feni kubwa. Kwa karani ni chaguo zuri. Kwa kijana wa gemu, aliyelipa bei ya ile nyingine, ni dhuluma, hata kama muuzaji naye hakujua.

Jambo tulilowafanyia siku ile liliwasaidia kidogo. Kompyuta ilikuwa na kijiti kimoja cha RAM. Tukaongeza cha pili cha aina ileile ili prosesa isome kutoka njia mbili kwa wakati mmoja. Kukwama kulipungua, hakukuisha. Prosesa yenye kashe ndogo hukimbilia RAM mara nyingi zaidi, kwa hiyo nayo ndiyo inayoumia zaidi RAM inapokuwa ya polepole au ya njia moja. Nikimwona mtu ana bajeti ndogo na prosesa ya kashe ndogo, namshauri vijiti viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha GB 16.

Katika miaka hii ya karibuni nimeshuhudia kashe ikipanda kutoka tarakimu iliyofichwa hadi kuwa jina la bidhaa. Aprili 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D. Ilichukua prosesa yake ya viini vinane, ikabandika juu yake kipande cha ziada cha kashe cha MB 64, jumla ikawa MB 96. Kasi yake ya juu ilishuka kutoka gigahezi 4.7 za 5800X hadi 4.5. Pamoja na kwenda polepole, ikaishinda kwenye gemu nyingi, na kwa tofauti kubwa katika gemu kama Factorio na Microsoft Flight Simulator, ambazo hufuatilia vitu vingi kwa wakati mmoja. Kwa mtu aliyewahi kusoma maandishi ya Celeron 300A kwenye skrini nyeusi, huo ulikuwa ushahidi mkubwa kuliko wote. Lakini ilianza kuuzwa kwa dola 449, na katika gemu nyingine faida yake ni ndogo. Si prosesa ya kijana wa kudunduliza, na kumwambia amalize akiba yake yote kwa ajili yake ni kumpoteza.

Lililo karibu naye ni lile nililoliona karakanani nilipokuwa na Ryzen 5 5600G ya mteja mmoja na Ryzen 5 5600 ya mwingine mezani kwa pamoja. Zote zina viini sita vya kizazi kimoja na kasi ya juu ya gigahezi 4.4, ila 5600G ina MB 16 za kashe ya ngazi ya tatu na 5600 ina MB 32. Kwa ruhusa yao nilizijaribu kwa kadi ya RX 580. Picha zikiwa za ubora wa juu, hakuna aliyeweza kuzitofautisha, kwa sababu kadi ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa. Nilipopunguza ubora wa picha ili kadi ipumue, 5600 ikatangulia, na tofauti ilionekana zaidi katika zile sekunde ngumu za mlipuko na msongamano ambapo mwendo hushuka ghafla. Wastani wa fremu ulidanganya kidogo. Mikono ya vijana waliokuwa wakicheza haikudanganyika.

Hata hivyo mwenye 5600G hakuwa amepata hasara. Prosesa yake ina grafiki ndani. Alicheza gemu nyepesi kwa miezi kadhaa bila kadi yoyote, akidunduliza fedha ya kadi. Mwenye 5600 asingeona hata picha bila kadi. Kilichopunguzwa kwenye kashe yake alirudishiwa kwa namna nyingine, naye alijua hivyo tangu alipokuwa dukani. 5500 ya mpwa wangu ni ya ukoo huohuo wa 5600G, ila grafiki yake imezimwa. Imepunguzwa kashe bila kurudishiwa kingine isipokuwa bei.

Kuna tahadhari moja kuhusu kusoma namba zenyewe. AMD hujumlisha kashe ya ngazi ya pili na ya tatu kwenye boksi, hivyo Ryzen 5 3600 hutajwa kuwa na MB 35. Kati ya hizo, MB 32 ni za ngazi ya tatu, nazo zimegawanywa mafungu mawili ya MB 16, kila fungu kwa viini vyake vitatu. Kwenye 5600, MB 32 ni fungu moja linalotumiwa na viini vyote sita. Namba ni moja, matumizi hayafanani, na kwa gemu fungu moja ni bora.

Basi nilimwandikia mpwa wangu hivi. Anza na kadi ya grafiki, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua unachokiona kwenye skrini. Hakikisha RAM ni vijiti viwili. Baada ya hapo, ikiwa tofauti ya bei kati ya 5500 na 5600 haitakulazimisha kushuka kadi, chukua 5600, kwa sababu kadi utaibadilisha baada ya miaka michache na prosesa itabaki, na kadi yenye nguvu ndiyo itakayoidai kashe ambayo kadi ya leo haiidai. Ikiwa tofauti hiyo inakula fedha ya kadi, chukua 5500 bila majuto. Kwa kuwa kadi katika matangazo yote mawili ni moja na bei zimekaribiana, kwake jibu ni 5600.

Kwa kijana mwingine anayesoma haya: usitoe fedha kwa maneno "Core i5" au "Ryzen 5". Omba kompyuta iwashwe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji wa prosesa, usome namba kamili pamoja na kashe ya ngazi ya tatu. Ukitaka kujua mafungu, programu ya bure ya CPU-Z itakuandikia wazi kama ni fungu moja au mawili. Ni kazi ya dakika chache.

Na kwa wauzaji wa Kariakoo, na wa kokote kompyuta zinakouzwa: andikeni kwenye tangazo namba yote ya prosesa mpaka herufi ya mwisho, na ukubwa wa kashe pembeni yake. Mteja wa fedha kidogo ndiye anayehitaji ukweli mwingi kuliko wote, kwa sababu hana fedha ya kununua mara ya pili.